Rais Aliyeiba Viatu vya Jirani

Miaka ile sikuweza kutulia. Tulikuwa tumefika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tukitokea Kivu ya Kusini, Kongo, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, na tangu siku ya kwanza nilijiambia kwamba hatutazidisha miezi sita. Miezi sita ikapita, ikapita mingine, ukuta wa nyumba yetu ya udongo ukapasuka na kuzibwa mara tatu, na mimi bado nilikuwa na begi moja la nguo ambalo sijalifungua. Mume wangu alilima mahindi na maharage. Alikuwa mtu wa kushika jembe na kunyamaza. Mimi kila alasiri nilitembea mpaka Base Camp, penye ofisi za kambi, kuangalia ubao walipobandika namba za familia zilizoitwa kwenye mahojiano ya kwenda ng'ambo. Namba yetu haikuwapo. Niliisoma orodha yote kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, halafu nikarudi nyumbani kwa njia nyingine ili nisikutane na watu wa kuniuliza.

Kwetu nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, na nilifundisha kwa Kifaransa. Kwa hiyo wazazi wa kanisa letu walipojenga shule ndogo karibu na kijiji cha Misiera, vyumba viwili vya miti na udongo na turubai juu, mchungaji alikuja kunitafuta.

"Mama Mwalimu, batoto banakuhitaji," alisema.

Nikamwambia, "Mchungaji, hapa Uganda watoto wanasoma kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza sikijui."

"Batoto nabo habakijue. Mutajifunza pamoja."

Nilikubali, si kwa sababu maneno yake yalinituliza, bali kwa sababu nilitaka mahali pa kwenda asubuhi.

Darasa langu lilikuwa na watoto wapatao arobaini, wa miaka sita hadi tisa, wakikaa juu ya magogo. Nyumbani walisema Kibembe, Kifuliiru, Kinyarwanda, Kirundi. Wawili walisema Kisomali. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Kila siku niliandika maneno mapya matano ya Kiingereza kwenye tablo, yaani ule ubao tulioupaka rangi nyeusi ya betri za redio, nikayatamka kadiri nilivyoweza, nikawapa maana yake kwa Kiswahili. Wao waliyaimba mpaka yakawakaa mdomoni. Maneno hayo niliyatoa katika vitabu vilivyoletwa na wageni ndani ya sanduku. Nilisaidiwa na kamusi ya Kiingereza na Kifaransa iliyokuwa imenyofolewa kurasa za mwanzo. Kuna mtu alizifungia karanga. Kamusi yangu ilianzia herufi ya D.

Vitabu vingi vya sanduku lile vilihusu theluji na keki. Kimoja tu kiliwashika watoto, nacho kilihusu utoto wa rais mmoja wa nchi ya mbali, aliyekufa zamani. Jina lake sitalitaja, na hata watoto hawakuweza kulitamka. Walimwita Rais tu, hata katika picha ambazo bado alikuwa mtoto mwenye suruali iliyochanika magotini.

Ukurasa wa kwanza ulionyesha nyumba ya mbao yenye chumba kimoja. Niliposoma kwamba Rais alizaliwa humo, darasa zima lilishangaa.

"Chumba kimoja tu?"

"Kimoja."

"Na mbuzi walilala wapi?"

Ukurasa wa pili familia yake inahama, mama yake amekaa juu ya mkokoteni na masufuria, ng'ombe nyuma. Msichana mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha mkono. Alikuwa na miaka minane, mwembamba, anaishi na nyanya yake kwenye kilima nyuma ya maduka ya Misiera. Wazazi wake walibaki kule, na hakuna aliyejua wamebaki wakiwa hai au la. Mtoto huyu aliuliza maswali mengi kuliko darasa lote kwa pamoja.

"Mwalimu, Rais alikuwa mukimbizi?"

"Hapana. Walihama kutafuta shamba."

"Sisi nasi tulihama. Kwa nini sisi ni bakimbizi na yeye hapana?"

Nilimwambia wao hawakuvuka mpaka. Alifikiri kidogo.

"Mutoto wa hapa anaweza kuwa rais?"

"Anaweza."

"Rais wa fasi gani?"

Watoto arobaini walinitazama, wakingoja nitaje mahali. Niligeuka nikaanza kufuta tablo, ingawa hakukuwa na kitu cha kufuta. Kuna maswali niliyoyakimbia miaka ile kama nilivyokimbia yale ya barabarani.

Wiki iliyofuata tulifika ukurasa wa viatu. Picha ilimwonyesha Rais akitoka mlangoni mwa jirani alfajiri, viatu vikubwa mkononi, akitazama nyuma. Katika picha ya pili jirani amesimama mlangoni, mkono juu, kinywa wazi. Katika ya tatu ni jioni, na Rais anamrudishia jirani viatu, kichwa kimeinama. Chini ya picha ya kwanza kulikuwa na neno nisilolijua. Lilianza na herufi B. Watoto walilitamka "boro."

Kamusi yangu haikuweza kunisaidia. Mtu wa kumuuliza sikuwa naye, kwani Kiingereza cha mchungaji kilikuwa kidogo kuliko changu. Nilikaa na picha zile jioni nzima, nikaondoka, nikarudi, nikazitazama tena. Mtu anatoka na viatu vya mwenzake kukiwa bado na giza, anageuka kuangalia nyuma. Mwenye viatu anapiga kelele mlangoni. Jioni mwizi anarudisha, kichwa chini. Nilikulia katika kanisa la Kiprotestanti, na hadithi hiyo niliijua tangu shule ya Jumapili. Aliiba, akatubu, akasamehewa, Mungu akamwinua. Nilifurahi jinsi nilivyoielewa.

Siku iliyofuata niliandika neno lile kwenye tablo na kusema, "Maana yake ni kuiba."

"Boro! Kuiba!" waliimba.

Nikawaeleza jinsi Rais alivyokuwa maskini asiye na viatu, akaiba vya jirani ili aende shule, akavijaza majani kwa kuwa vilikuwa vikubwa, lakini jioni moyo ulimchoma akavirudisha. Nilifundisha vizuri siku ile. Hata yule msichana hakuuliza chochote. Aliandika neno lile katika kaye yake, daftari lake la pekee, mara mbili.

Zilipita siku tano au sita. Asubuhi moja tukiwa katikati ya hesabu nilisikia mwanaume anafoka nje. Alikuwa mfanyabiashara wa Misiera, jirani wa yule msichana, mtu aliyekwenda Kikagate mpakani kila wiki kununua bidhaa za kuja kuuza. Aliingia darasani amevaa kandambili za mke wake. Macho yake yalipita mstari kwa mstari, yakasimama kwenye miguu ya msichana wangu. Mtoto alikuwa amevaa viatu vyeusi vya ngozi vya mwanaume mzima, vimejazwa maganda ya mahindi mpaka yanachungulia kwenye vifundo vya miguu.

"Njo hivi!" alipiga kelele akivinyooshea kidole. "Viatu vyangu njo hivi! Gari ya Kikagate imeniacha juu ya huyu mutoto!"

Nilisimama kati yao. Nilimuuliza msichana kwa nini amechukua viatu vya watu. Hakuonekana kuogopa. Alikuwa kama mtoto aliyeulizwa swali analolijua jibu.

"Nimeboro, Mwalimu. Nitarudisha magaribi. Nilikuwa nataka kutubu saa kumi na mbili."

Watoto wengine walitingisha vichwa kukubali. Mmoja alisema kwa sauti, "Kama Rais."

Yule bwana alinigeukia. "Ni weye unafundisha batoto kuiba?"

Habari ilizunguka kijiji kabla ya jua kufika utosini. Alasiri wazazi wakajaa shuleni, na mchungaji akawaomba wakae. Walikaa kwenye magogo ya watoto wao, magoti yakiwafika kidevuni, na hilo halikupunguza hasira yao. Nilisimama mbele nikiwa na kitabu mkononi. Mama mmoja alitaka kujua ni rais gani huyo, wa nchi gani, na kwa nini watoto wafundishwe mambo ya marais wakati kila aliyekaa pale alifukuzwa na vita vya wakubwa. Mzee mmoja mfugaji alijibu kwa niaba yangu.

"Kitabu hakidanganye. Barais bote ni bevi!"

Watu walicheka, hata mimi nusura nicheke. Lakini nyanya wa msichana hakucheka. Alikuwa amekaa peke yake karibu na mlango, kitambaa cha kichwani amekikaza sana. Alisimama, akangoja kelele ziishe.

"Tulitoka kule bila kitu," alisema. "Tulipita mashamba ya bantu bengine, miogo inaonekana, mutoto analia njaa, sikung'oa hata muzizi moja. Leo banamuita mujukuu wangu mwizi katikati ya soko. Mwalimu, kitabu chako kinasema vile kweli?"

"Kinasema hivyo, mama," nilijibu.

"Basi hatarudi hapa."

Akamshika mtoto mkono wakaondoka. Viatu vilikuwa vimesharudi kwa mwenyewe. Mtoto alitembea peku akigeuka kunitazama, na uso wake ulikuwa unauliza nini kimetokea, maana alikuwa amefanya kila kitu kama nilivyomfundisha.

Sikula siku ile. Mume wangu alisema, "Kaa chini." Nikakaa, nikasimama. Nilikuwa nimewajibu wazazi kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na uhakika ule ulikuwa umetokea wapi? Nilifungua kitabu tena. Nikamtazama yule jirani mlangoni, mkono juu. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba mdomo wake, ukiutazama vizuri, ungeweza kuwa unatabasamu.

Jumamosi nilipanda gari la kwanza kwenda mjini Mbarara. Katika mtaa wa Nyamityobora aliishi mama mmoja mzee, Mnyankole, mwalimu mstaafu, niliyekutana naye mwaka uliotangulia nilipokuwa nikiuza maharage mlango kwa mlango. Alikuwa ameolewa na mwanajeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na cha amri. Nilimkuta uani anamenya matoke. Alinipa kisu kabla ya kunipa kiti.

"Nyabo, iko na shida gani? Uso yako mbaya leo."

Nilimenya ndizi tatu nikishindwa kusema. Ya nne ikaniteleza ikaanguka. Nilifuta mikono, nikatoa kitabu, nikaweka kidole juu ya lile neno.

"Hili maana yake ni nini?"

Alivaa miwani. "Hii? Ni kuazima. Unaomba kitu ya mtu, unatumia, unarudisha."

"Si kuiba?"

"Kuiba? Banange!" Alianza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu mutu ya mulango anasema kwaheri. Anasema, enda shule vizuri."

"Na hapa jioni, kwa nini ameinamisha kichwa?"

"Anasema asante. Zamani mutoto anapiga magoti, anainama, anasema asante. Hata hapa kwetu."

Kisha akaniona usoni, kicheko kikamkauka. Nilimweleza yote, msichana, viatu, nyanya yake mlangoni. Alimenya ndizi nyingine polepole, ganda lake likatoka zima.

"Mimi nilifundisha miaka mingi," alisema mwishowe. "Nilikosea pia. Lakini sikuenda kusema. Niliona haya." Akanifungia matoke kwenye jani. "Wewe enda leo. Usingoje Monday."

Nilirudi na gari la saa nane, na kutoka kituoni nilipitia kwa mchungaji kwanza. Alinisikiliza akitazama chini.

"Mama Mwalimu, achana nayo," alisema. "Batasahau. Ukisema ulikosea, batasema shule yetu haina balimu. Batatoa batoto bote."

"Na yule mmoja?"

"Yule mmoja nitamwombea."

Nilimjua mchungaji kuwa mtu mwema, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Aliikusanya ile miti ya shule kwa mikono yake. Lakini miguu yangu ilikuwa tayari inaelekea kilimani.

Nyanya alikuwa anapepeta maharage mbele ya nyumba. Hakunikaribisha. Nilikaa chini bila kukaribishwa, kwenye udongo, na msichana akatoka ndani akasimama nyuma ya nyanya yake.

"Mama, nimekuja kukuambia kwamba kitabu hakisemi vile," nilisema. "Neno lile sikulijua. Nilibahatisha. Maana yake ni kuazima. Mtoto wa kwenye kitabu aliomba viatu akapewa. Mjukuu wako hakuiba kwa tabia yake, alifuata nilichomfundisha. Mwenye kosa ni mimi."

Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Siku ile mbele ya bantu nilikuuliza," alisema. "Ukasema, kinasema hivyo."

"Nilikuambia hivyo, ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliona haya kusema sijui."

Nilitaka kuinuka nikimbie. Nilishika majani yaliyokuwa karibu nami nikayakata vipande vipande, nikabaki nimekaa.

"Kile ulisema katikati ya bantu," alisema, "usikisahihishe hapa kwangu mafichoni. Ukakisahihishe katikati ya bantu."

Akaendelea kupepeta. Niliacha matoke pale, nikashuka kilima.

Kesho yake, baada ya ibada, niliomba nafasi ya kusema. Mchungaji alinipa bila kunitazama. Nilieleza mbele ya kanisa zima, kwa kifupi, kwamba nililipotosha neno na mtoto asiitwe mwizi. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alinong'ona jambo kwa mwenzake. Familia mbili zilitoa watoto wao wiki ile, kama mchungaji alivyosema, na mmoja tu kati yao alirudi baadaye. Hilo nililibeba, na silikatai.

Yule mfanyabiashara nilimfuata dukani kwake, nikitumaini atalainika. Nilimweleza kwamba mtoto angefundishwa vizuri angekuja kumwomba.

"Na angeniomba," alisema akipanga sabuni, "ningemukatalia. Viatu vya safari mutu haazimishe. Nina peya moja."

Alikuwa anasema kweli, na kwenye kitabu hakukuwa na ukurasa wa jirani wa namna yake. Lakini kabla sijaondoka aliniambia kwamba ameshamwambia mke wake aache kumwita mtoto jina lile kisimani. Nilimshukuru kwa hilo.

Darasani ilikuwa ngumu zaidi kuliko kanisani. Niliandika neno lile tena, nikawaambia watoto maana yake halisi, nikawaonyesha picha moja moja. Huyu anapunga mkono. Huyu anashukuru. Walinisikiliza wakiwa wamekunja nyuso.

"Sasa nani alitubu?" mmoja aliuliza.

"Hakuna. Hakukuwa na kosa."

Walihuzunika waziwazi. Hadithi ya mwizi ilikuwa tamu zaidi. Kwa wiki kadhaa nilisikia wakati wa mapumziko wakiicheza ile ya kwanza, mmoja akikimbia na viatu, mwingine akipiga kelele mlangoni, na sikuwakataza.

Msichana alirudi siku ya tisa tangu aondolewe. Nyanya yake alimleta mpaka mlangoni, akanisalimia kwa kichwa, akaenda zake. Mtoto alikaa mstari wa mbele, mahali pake. Hakunyoosha mkono siku ile wala wiki ile. Wiki iliyofuata niliandika maneno matano, nikaeleza maana ya manne, na la tano nikawaambia, "Hili sijalijua. Nitaliuliza Mbarara." Ndipo mkono wake ukapanda.

"Mwalimu, na yale ya zamani, unayajua yote?"

Nilimwambia si yote. Alifungua kaye yake tangu mwanzo, akaanza kunisomea neno baada ya neno, na kwa kila moja akaniuliza nina uhakika au ninabahatisha. Watoto wengine wakafungua za kwao. Tulimaliza asubuhi nzima hivyo. Yalikuwa kumi na saba niliyobahatisha. Niliyaandika kwenye karatasi, na Jumamosi nikayapeleka Nyamityobora. Matatu yalikuwa na makosa.

Nilifanya hivyo kila Jumamosi kwa zaidi ya mwaka, nikimenya matoke kwa kisu kimoja, maneno kwa kingine, kama yule mama alivyopenda kusema. Ndiye aliyenishauri nisomee ualimu wa Kiingereza hapo Mbarara, na ndiye aliyenipa chumba cha uani nilipoanza. Mume wangu alibaki na shamba na watoto, nami nikawa mtu wa huku na huku. Nikiwa mjini niliwaza kambini, nikiwa kambini nilisikiliza gari la mjini.

Msichana na nyanya yake waliitwa kabla yetu. Namba yao ilitoka kwenye ubao, wakahojiwa, wakapimwa, wakaambiwa siku. Siku hiyo nilikuwa na mtihani Mbarara. Nilimaliza mapema nikatafuta gari, nikashuka Base Camp mbio vumbi likinijaa machoni, na basi lao lilikuwa limeshaondoka tangu asubuhi. Wanawake waliosindikiza ndugu zao walikuwa bado wamesimama pale, hawajui waende wapi. Nilisimama nao kidogo. Kisha nikatembea mpaka shuleni, kwa kuwa zamu ya mchana ilikuwa yangu, nikawaambia watoto wafungue kaye zao, nikaandika neno la kwanza.